Seleniamu, Chakula Chetu na Moto Ulio Ndani ya Mwili

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya viongozi wa vikundi vya wanawake na watendaji wa diakonia, iliyofanyika Mkomaindo, Masasi)



Tunawashukuru kwa kufika, hasa ninyi mliotoka juu kule Newala mkiacha kazi za mikorosho. Tumekutana katika eneo ambalo kwa wengi wetu jina lake maana yake ni hospitali. Mtu akisema "amepelekwa Mkomaindo", hakuna anayeuliza amekwenda kufanya nini. Hospitali hii ilianzishwa na ndugu zetu wa misheni ya Anglikana, na sasa ni ya serikali. Hivyo ni mahali pazuri pa kuzungumzia jambo linalogusa imani, afya na mfuko wa mama wa nyumbani kwa pamoja.

Mada tuliyopewa ni madini yanayoitwa seleniamu na kazi yake ya kutuliza mchochota mwilini. Huenda mtu akajiuliza mratibu wa miradi anatafuta nini kwenye mambo ya madaktari. Jibu tutalitoa kwa kuanza na kosa letu wenyewe.

Kosa letu

Msimu mmoja wa korosho uliopita, walikuja kwetu watu wakijitambulisha kuwa ni washauri wa lishe. Waliomba nafasi ya kuzungumza na kikundi kimojawapo cha kuweka na kukopa baada ya ibada. Sisi tuliposikia neno "lishe", tulikubali bila kuuliza zaidi. Walizungumza vizuri, wakafungua na kufunga kwa sala. Kisha wakatoa makopo ya vidonge vya seleniamu, wakasema vinamaliza maumivu ya viungo, presha, vidonda vya tumbo, na hata kwamba aliyeko kwenye dawa za VVU anaweza kupumzika dawa hizo akitumia vidonge hivi.

Mama mmoja wa kikundi hicho alikuwa na maumivu ya magoti na alikuwa akitumia dawa za presha kila siku. Fedha za mgao wake, ambazo alikusudia kuezekea nyumba, alinunulia makopo. Dawa za presha akaziacha. Baada ya miezi michache alipelekwa hospitali akiwa amepooza upande mmoja. Mungu amemhurumia, yuko hai, lakini mkono wake wa kulia hauwezi tena kushika jembe. Ametupa ruhusa ya kusimulia habari hii bila jina lake. Tulipokwenda kumwomba radhi alituambia neno ambalo hatujalisahau: "Mimi sikuwaamini wale wauzaji. Niliwaamini ninyi mliowaleta."

Ndugu zangu, ndiyo sababu tumesimama hapa. Tumetumia muda kusoma na kuwauliza wataalamu ili safari hii tuseme lililo kweli: seleniamu ni kitu cha maana, lakini si kile walichotuambia.

Mchochota ni nini?

Mtu akijikata na panga shambani, baada ya saa chache kidonda huwa chekundu, huvimba, huwa cha moto na kuuma. Huo ndio mchochota. Ni kazi njema ya Mungu: mwili unatuma askari wake kuua vijidudu na kuanza ukarabati. Mchochota huo huo unaweza kutokea ndani, kwenye mapafu yenye kifua kikuu, kwenye viungo, kwenye utumbo wa mtoto anayeharisha mara kwa mara.

Askari hawa wa mwili hupigana kwa kutumia kemikali kali zinazounguza. Ni kama moto wa kusafishia shamba. Sisi wakulima wa korosho tunajua kwamba kabla ya kuwasha moto lazima tufyeke ukanda pembeni mwa mikorosho ili moto usivuke. Moto wenyewe una faida. Hasara huja pale usipokuwa na mpaka. Mchochota usiozimika kwa wakati huharibu mishipa ya damu, hula misuli na kumdhoofisha mgonjwa.

Seleniamu inaingia hapo. Mwili wa binadamu hutengeneza aina takribani 25 za protini ambazo ndani yake lazima kuwe na madini haya. Mojawapo ni kimeng'enya kiitwacho glutathioni peroksidesi, ambacho mwaka 1973 wanasayansi waligundua kuwa hakifanyi kazi bila seleniamu. Kazi yake ni kuzigeuza baadhi ya kemikali hizo kali, mfano peroksidi, kuwa maji. Kwa maneno yetu, kinafyeka ukanda. Mwili usipokuwa na seleniamu ya kutosha, ukanda unakuwa mwembamba na moto unavuka.

Lakini mkulima anajua pia kwamba ukanda ukishatosha, kuendelea kufyeka ni kujichosha, na mwisho utaanza kufyeka mikorosho yenyewe. Hata seleniamu ni hivyo. Kwa viwango vya Marekani, mtu mzima anahitaji mikrogramu 55 kwa siku, mjamzito 60 na anayenyonyesha 70. Mikrogramu ni kitu kidogo mno: gramu moja ina mikrogramu milioni moja. Kiwango cha juu kisichopaswa kuvukwa ni mikrogramu 400 kwa Wamarekani, na mwaka 2023 wataalamu wa Ulaya walikishusha hadi 255. Anayezidisha kwa muda mrefu hunyonyoka nywele, kucha hukatika, pumzi hunuka kama kitunguu saumu, na mishipa ya fahamu huumia.

Seleniamu inatoka wapi?

Inatoka kwenye udongo. Mmea huinyonya, nasi tunakula mmea au mnyama aliyekula mmea huo. Udongo ukiwa maskini, ugali nao unakuwa maskini hata kama umejaa sinia.

Nchini China ugonjwa wa moyo ulioua watoto na wanawake vijana uliandikwa kwanza katika wilaya ya Keshan mwaka 1935. Miaka ya 1970 ilithibitika kuwa unatokea kwenye udongo wenye seleniamu kidogo sana, na watoto waliopewa madini hayo walikingwa. Finland nayo, kutoka katikati ya miaka ya 1980, imekuwa ikiongeza seleniamu kwenye mbolea ya nchi nzima.

Tusiende mbali. Jirani zetu wa Malawi walipimwa, na matokeo yalitangazwa mwaka 2013. Wanawake wa Zombwe, kaskazini, wanaolima udongo wenye uchachu, walikuwa wakipata kwenye chakula kama mikrogramu 7 tu kwa siku. Wenzao wa Mikalango, kusini, ambako udongo ni mweusi na hauna uchachu, walipata kama 55. Wote ni wakulima wadogo. Tofauti kubwa ilikuwa ardhi waliyosimama juu yake.

Sasa tutazame uwanda wetu wa Makonde. Udongo wa Newala na sehemu kubwa ya Masasi ni wa kichanga, umesafishwa na mvua kwa miaka mingi, na una uchachu. Juu ya hapo kuna salfa. Tunaipulizia mikorosho kila mwaka kwa sababu ya ubwiriunga, na bila salfa korosho hakuna, hilo hatubishi. Lakini watafiti waliopima udongo chini ya mikorosho ya kusini walikuta salfa inaongeza uchachu. Zaidi ya hapo, salfa na seleniamu ni kama ndugu wawili wanaopita mlango mmoja kuingia kwenye mzizi. Salfa ikiwa nyingi hujaa mlangoni, na seleniamu hubaki nje. Kwa hiyo kunde na mihogo iliyopandwa katikati ya mikorosho inayopuliziwa iko kwenye mashindano magumu. Ushauri wa kilimo ni uleule: tupulizie kwa kipimo, turudishe mboji na majivu shambani, na mazao ya chakula tuyatengee eneo lake inapowezekana.

Na muhogo wenyewe, ambao ndio tegemeo letu mvua ikikatika, una protini kidogo sana, na seleniamu hukaa ndani ya protini. Tunakumbuka ugonjwa wa konzo uliopoozesha miguu ya watu katika mkoa wetu wa Mtwara mwaka 2002 na 2003. Chanzo chake ni muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha, pamoja na mlo usio na protini. Konzo si ugonjwa wa seleniamu, lakini fundisho ni lile lile: muhogo peke yake haulindi nyumba.

Je, vidonge vinatibu?

Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo wauzaji wanapotuzidi maneno.

Kwanza, Tanzania ina jibu lake yenyewe. Jijini Dar es Salaam wajawazito 913 wenye VVU waligawanywa makundi mawili: kundi moja lilipewa mikrogramu 200 za seleniamu kila siku, jingine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Seleniamu haikupunguza virusi, haikuongeza CD4 na haikupunguza vifo vya akina mama. Vifo vya watoto baada ya wiki sita za kwanza vilionekana kupungua, na hilo ni jambo la kutia moyo. Lakini mwaka 2014 watafiti walipochunguza maziwa ya akina mama wa utafiti huo ambao hawakuwa kwenye ARV, walikuta virusi vikionekana mara nyingi zaidi kwa waliotumia seleniamu, hasa wenye uzazi wa kwanza. Kwa hiyo anayemwambia mtu aache ARV atumie seleniamu anamwongoza kaburini, na pengine na mtoto wake.

Pili, Malawi. Watoto 2,372 wa umri wa mwaka mmoja hadi minne waliandikishwa kuona kama seleniamu pamoja na vitamini na kemikali nyingine za kuzima moto mwilini zingezuia kwashakoo. Matokeo ya mwaka 2005 yalionyesha hazikuzuia. Mtoto mwenye njaa alihitaji chakula.

Tatu, Ujerumani. Wagonjwa mahututi 1,089 wenye maambukizi makali ya damu, ambao mchochota wao ni mkubwa kuliko wote, walihusishwa katika utafiti uliotangazwa mwaka 2016. Waliochomwa sindano za seleniamu hawakupona zaidi ya wengine.

Nne, na hili ni la wauguzi zaidi, mtu akiwa na mchochota kiwango cha seleniamu katika damu hushuka chenyewe kwa sababu ya ugonjwa. Muuzaji anaweza kuja na kipimo chake, akuonyeshe kuwa seleniamu yako ni ndogo, kisha aseme ndicho chanzo cha ugonjwa wako. Pengine ugonjwa ndio ulioishusha. Moshi hauwashi moto.

Tano, ndugu zetu wa Kongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, watu wenye upungufu mkubwa wa madini joto walipewa seleniamu peke yake. Tezi ya shingo, badala ya kupata nafuu, ilizidi kuzorota kwa baadhi yao. Nasi tuna sababu ya kulizingatia hilo, maana chumvi nyingi ya pwani yetu ya Mtwara na Lindi huuzwa kwa debe bila kuongezwa madini joto.

Kwa hiyo tukiulizwa, jibu letu ni hili: mwenye upungufu hufaidika na seleniamu, na njia salama ya kuipata ni chakula. Vidonge ni vya kuandikiwa na mtaalamu anayejua hali ya mgonjwa. Dawa ya presha, ya kisukari, ya kifua kikuu au ARV haiachwi kwa sababu ya kopo lolote.

Tufanye nini?

Baada ya kushauriana na wataalamu wa lishe, tunapendekeza mambo sita kwa vikundi vyetu:

(a) Samaki wa bahari. Samaki hategemei udongo wa Newala. Anachokosa mkulima wa uwandani, bahari inacho. Kutoka Masasi hadi Mtwara ni kama kilometa 200 na sasa kuna lami. Kikundi kikichanga na kununua ng'onda na dagaa kwa gunia, kila nyumba itapata kwa bei nafuu kuliko kununua fungu moja moja gengeni. Dagaa huliwa mzima na akisagwa huingia kwenye uji wa mtoto. Samaki wa kiasi cha kiganja anaweza kumpa mtu mzima nusu au hata yote ya mahitaji ya seleniamu ya siku.

(b) Mayai, maini na figo. Yai moja lina kama mikrogramu 15 kwa majedwali ya Marekani. La kuku anayekula punje za udongo maskini huwa na pungufu. Hata hivyo yai bado ni hazina. Tunaomba utaratibu ubadilike: mayai yasiuzwe yote. Na maini yakipatikana, yasiwe ya baba peke yake. Mama mjamzito na mtoto watangulie sahani. Ndugu wanaopenda samaki nchanga nao wasione haya, nyama ni nyama, ilimradi ipikwe ikaiva sana.

(c) Korosho zetu tuzile. Ni ajabu kwamba tunapeleka gunia zote chama cha msingi, kisha mtoto anakula uji mweupe. Kila nyumba itenge debe moja la kubangua. Korosho, ufuta na karanga zina protini na mafuta, na seleniamu kwa kadiri udongo ulivyojaliwa.

(d) Kunde, mbaazi na njugu mawe ziwe kwenye chungu pamoja na mboga za majani. Mwili unahitaji protini yote na zinki na vitamini. Seleniamu haifanyi kazi peke yake, kama vile mwinjilisti hafanyi kazi bila usharika.

(e) Chumvi yenye madini joto. Vikundi vinavyouza chumvi vinunue ile iliyoongezwa madini joto, iliyofungwa kwenye pakiti.

(f) Hakuna mtu wa kuuza dawa au vidonge katika viwanja vya kanisa au mikutano ya vikundi vyetu. Anayetaka kufundisha lishe alete kwanza barua ya ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, na wakati wa kufundisha asiuze kitu. Kifungu hiki tumeshakiandika katika mwongozo wa miradi, na kosa letu ndilo lililokiandika.

Kuna jambo la saba ambalo si la nyumbani bali la kuomba kwa wakubwa. Huko Malawi, katika wilaya ya Kasungu, unga wa mahindi yaliyolimwa kwa mbolea yenye seleniamu ulipandisha kiwango cha madini hayo katika damu ya wanawake na watoto wa shule. Tunayo Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kinachojulikana kwa korosho. Tutakapokaa na wataalamu wa kituo hicho kuzungumzia salfa, tuwaombe wazungumze nasi pia habari ya chakula kinachoota chini ya mikorosho hiyo.

Hitimisho

Injili inatusimulia habari za mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili, aliyemaliza mali yake yote kwa matabibu asipate nafuu. Mara nyingi tunahubiri imani yake, na ni sawa. Lakini tukitazama vizuri, mwandishi wa Injili hakupitia haraka habari ya mali iliyokwisha. Aliona ni sehemu ya ugonjwa wake. Mtu maskini akiumwa huumia mara mbili, mwilini na mfukoni, na anayemnyang'anya akiwa katika hali hiyo ametenda dhambi kubwa. Anayemfungulia mnyang'anyi mlango, hata kwa kutokujua, naye ana la kutubu. Sisi tumetubu mbele ya mama yetu yule, na leo tunatubu mbele yenu.

Mama huyo amerudi kwenye dawa za presha na anahudhuria kliniki kila mwezi. Kikundi kimekubali kumlimia shamba lake msimu huu, na fedha za kuezeka nyumba yake zimeanza kuchangwa. Ofisi yetu imetoa sehemu, si kama sadaka bali kama deni. Anakula dagaa. Juzi alituonyesha kwamba vidole vya mkono ule vimeanza kukunja kidogo. Tukamwuliza kama anadhani ni dagaa. Akacheka, akasema, "Ni dawa, ni mazoezi ya muuguzi, ni Mungu, na dagaa nao wamo."

Tukirudi kwenye vikundi vyetu, tuseme hivyo hivyo kila tutakapoulizwa juu ya seleniamu: nayo imo, katika nafasi yake.